Nukta Moja

Somoe kanipa picha ya punda wake,
aliyekufa Langoni mwezi wa Rajabu,
niitie katika kioo kidogo kama stempu
mlangoni pa duka lake la unga.

Kumbukumbu ya chipu: kilobaiti mbili.
Punda mzima haingii.

Nilifuta safu, nikaacha safu.
Masikio yakaliwa; akawa mbuzi.
Nikaanza upya: nukta nne nne,
kila kundi nikaliuliza, mweusi au mweupe?
mstari kwa mstari, kama achotaye kisima
kwa kikombe cha kahawa.

Alfajiri punda kasimama.
Kovu la shogi halipo, mkia ni doa.

Somoe akainama, akakaza macho.
“Sikio la kushoto lilikuwa limelala.”

Nikashusha nukta moja.

Akanyamaza. Kisha akamwita jina.