Pwani Inayohama

Sechelela aliniuzia kambale mkavu kwa miaka minne
pale Sabasaba, meza ya tatu kutoka choo cha kulipia,
na kila nilipolalamikia bei alijibu:
"Njoo kwetu ufukweni, utamla bure."
Ufukweni! Dodoma hii,
ambako madumu yetu hupanga foleni kabla ya jogoo.

Nikaenda. Mwezi wa kumi, kwa kukosa akili.
Basi hadi Bahi, kisha bodaboda ya Chilewa
aliyejifunga kitambaa puani na kunipa mimi cha akiba.
Saa mbili na nusu za vumbi jeupe.
Begini nilikuwa na taulo.
Naomba lile taulo lisahaulike.

Chihembe ni nyumba arobaini, tembe na bati,
zote zimegeukia upande mmoja
kama viti vilivyopangwa kumngoja mgeni rasmi,
na mgeni rasmi kachelewa.
"Mbukwenyi," nikasema, nilivyofundishwa.
Kicheko. Nilikuwa nimewaamkia mbuzi,
saba, wamelala ndani ya mtumbwi,
kila mmoja na nafasi yake, kama abiria waliokwisha kulipa.

"Ziwa liko wapi?"
Sechelela alielekeza kwa mdomo, si kwa kidole:
"Limekwenda kule. Litarudi."
Vile anavyosemwa mume aliyekwenda machimboni.

Kivutio cha kwanza, ukuta wa mama mkwe wake:
mistari mitatu ya tope kavu.
"Huu wa kifuani ni wa El-Nino.
Huu, mwaka aliozaliwa Nhonya.
Huu mdogo hatukuhama, tulipandisha vitanda juu ya matofali."
Na kando ya mistari ya maji, kwa mkaa,
vimo vya watoto.
Nhonya ameshaupita mwaka wake.
Lechipya bado yumo ndani ya El-Nino mpaka puani.

Cha pili, chumvi. Wanawake wanachuja udongo
kwenye ndoo iliyotobolewa kwa msumari,
tone, tone, kisha sufuria, kisha moshi machoni.
Nilionja kidogo, nikakohoa sana.

Cha tatu, jiwe lenye mashimo ya bao.
Aliyeyachimba hajulikani, wala hawamtafuti;
kete ni mbegu za mkwaju.
Lechipya, miaka tisa, alinifunga mara mbili
akitafuna kitu, akitazama kwingine.

Ndiye aliyenipeleka majini jioni.
Ardhi imepasuka vipande vya ukubwa wa sahani,
tukavikanyaga vikilia kama vyombo harusini.
Katikati ya ukavu akasimama, akachutama,
akachimba kwa kipande cha jembe, mkono mzima ukazama,
akatoka na kambale: hai, mweusi, amekasirika
kama mtu aliyeamshwa na mdai.
"Mdogo huyu," akasema. Akamrudisha.
Akamfunika tope, akapigapiga juu kwa kiganja.

Kisha mwanga ukawa mwingi chini kuliko juu,
na hilo ndilo lilikuwa ziwa.
Nikavua viatu. Maji ya kifundo cha mguu,
vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa.
Mwari mia, au mia tatu, wakainuka kwa uzito wao,
na sauti ya mashuka yanayokung'utwa.
Nilitaka kusema neno kubwa.
Lechipya akaniwahi:
"Usikanyage hapo. Nyavu za mjomba."

Viatu nilivileta mjini na tope lake.
Sijavisugua.

Mwezi wa pili simu ikalia, nyuma yake vyura watupu.
"Limefika kwenye mtumbwi," Sechelela akasema.
"Mbuzi wamehamia jikoni. Lechipya
kapimwa tena jana, El-Nino sasa inamfika mdomoni,
anasema ataanza kuongea."
Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.
"Na lile taulo," akasema, "unalo bado?"