Nyuzi Tatu

Mvua imelala nje ya banda tangu Jumapili,
haijabisha hodi, haijaomba kuondoka.
Saa kumi na moja alfajiri natundika taa kwenye msumari
na kuipandisha pikipiki kwenye stendi ya kati.
Huku Sohra, kitinda mimba wa kike ndiye mrithi:
niliachiwa nyumba, sufuria za shaba, deni la dukani,
na pikipiki hii ya Mjomba Shanbor
iliyojua njia za bondeni kabla sijajua kusoma.

Naanza chini, alivyonifunza.
Tairi la nyuma nalibinya, napima upepo,
nachokoa kwa bisibisi kijiwe cha chokaa
kilichojibanza kwenye kashata
kama popoo kwenye shavu la bibi.
"Tairi kipara," alikuwa akisema, "hata umande hulipiga mwereka."
Umande!
Kwetu, ambako mvua hupimwa kwa magoti.

Cheni ndiyo inayokula mshahara wangu.
Kutu huja kwa usiku mmoja, rangi ya chungwa bivu.
Naisugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa,
naikausha kwa fulana, naipaka oili
pingili kwa pingili, gurudumu nikilizungusha kwa mkono.
Naiinua katikati kwa kidole: icheze kidogo, isizidi.
Ikilegea huruka, ikikazwa mno hukatika.
Mjomba alisema hivyo hivyo
kuhusu ndoa zake, zote mbili.

Oili: kijiti, kitambaa, kijiti tena.
Indiketa ya kushoto. Ya kulia, baada ya kuichapa kofi.
Taa ya breki naitazamia ukutani:
nikikanyaga, ukuta unaona haya.

Halafu waya wa breki ya mbele,
pale unapoingia kwenye mkono wake, pale pasipotazamwa na mtu.
Nyuzi tatu zimekatika.
Tatu tu, nyembamba kama sharubu za paka,
na moja imenichoma kidole.

Kitbok yuko mlangoni, ngao ya mvua mgongoni kama kobe,
magunia mawili ya machungwa miguuni.
"Soko ni leo. Likipita, ni siku nane tena."
"Waya unakatika."
"Umekatika?"
"Unakatika."
Kaka yangu anacheka kwa pua.

Kati ya *una* na *ume*
kuna mteremko wenye kona kumi na saba,
ukungu usioonyesha hata kioo chako mwenyewe,
lori la makaa linalopanda bila taa,
na magunia mawili yanayokusukuma kutoka nyuma.
Sikumwambia hayo. Nilichomoa ufunguo
nikautia mfukoni.
Akaniita mrithi, kwa sauti ya kutema mate,
akajitwika mzigo, akaenda kudandia jipu la watu.

Waya mpya ulikuwa ukining'inia karibu na taa.
Niliulainisha kwa oili hadi tone likachungulia upande wa pili,
nikafunga nati, nikaminya, nikalegeza, nikaminya,
nikaisukuma pikipiki uani huku na huku kwenye matope
mpaka majirani wakadhani nimerukwa na akili.

Siku hiyo hakuna kilichotokea.
Ajali isiyotokea haina shahidi,
haina kovu la kuonyesha wageni.
Mjomba alikufa kitandani, meno mekundu kwa tambuu,
mifupa yake yote mizima,
na msibani hakuna aliyeitaja breki.

Jioni Kitbok amerudi, amelowa, nauli imemla faida.
Hasemi asante. Kwa lipi?
Amenirushia chungwa moja, lile lililopondeka garini.
Nalimenya nikiwa nimeegemea tangi.
Lina ladha ya grisi.
Nalila lote, na kokwa.