Kabla ya Gloria

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nafungua sakristia
kwa ufunguo mzito kuliko mkono ulioushika.
Baridi imeng'ata hata kitasa.
Theluji ya Silesia haijui kuwa nyeupe,
ina kijivu cha makaa bado,
ingawa mgodi umefungwa tangu Machi
na gurudumu lililowashusha wanaume
limesimama juu ya mji, halina wa kumshusha.

Ni Majilio. Ijumaa. Misa ya alfajiri.
Desturi yetu ni kuzima taa zote,
watu waingie wakipapasa mabenchi,
watoto na kandili zao za kadibodi,
hadi Gloria:
hapo ndipo mimi, Zyta, mjane wa Gerard,
hubonyeza swichi, kanisa likapasuka kwa mwanga.

Nikiri. Mwaka huu nimeibonyeza
kama mtu anayelipa bili ya maji.

Gerard hakufia shimoni.
Vumbi lilimfuata nyumbani, likamngoja
miaka ishirini, kwa adabu, kifuani,
na Februari likadai chake.

Siku ya Mtakatifu Barbara nilikata tawi la mcheri,
nikalitia majini, dirishani pa jikoni.
Likichanua Krismasi, mama alisema, nyumba ina heri.
Leo ni siku ya nane.
Ni kijiti ndani ya gilasi.
Nabadilisha maji. Zaidi ya hapo sina la kufanya.

Basi watoto wakaja, na vimwanga vyao vyekundu na bluu,
na nyuma yao Achim, mjukuu wa Hubert,
aliyevunja kandili yake kwenye ngazi
akaja na helmeti ya babu yake, taa kwenye paji,
kofia imemmeza hadi nyusi.
Kila alikogeuka, mtu alizaliwa kutoka gizani:
Bi Otylia akipiga miayo,
wachimbaji wanne wa zamani, wima karibu na mlango
(hawakai, hata mabenchi yakiwa matupu),
mtakatifu wa plasta asiye na kidole.
Kisha akanitazama mimi.

Nikafumba macho, na humo ndani ya wekundu wa kope
nikamsikia Gerard akisimulia, kama kila Krismasi,
zile saa kumi na moja chini ya mwamba,
yeye na wenzake wawili, taa moja, kisha hakuna taa.
*Ukizimikiwa, usitembee,* alisema.
*Kaa. Tafuta bomba. Gonga mara tatu. Nyamaza.*
*Subira huvuta heri, wanasema walio juu.*
*Sisi tulio chini, subira yetu ina jiwe mkononi.*
Nami nilimuuliza, kila mara, ili aseme tena:
Mlijua watafika?
*Hatukujua. Tulijua wanachimba.*

Niliposhtuka, Gloria ilikuwa katikati.
Nilikuwa nimeisahau swichi.
Na hakuna aliyegeuka kunitafuta.
Waliimba utukufu ndani ya giza,
sauti za kukwaruza, za vumbi,
padri Norbert akikohoa, Achim akipotea noti,
kana kwamba mwanga ni jambo lililokwisha kupangwa
na kuchelewa kwake ni kuchelewa tu.

Sikubonyeza. Niliacha wamalize.

Ee Unayekuja,
sikuombi tena uniambie ni saa ngapi.
Nimeweka sikio ukutani.
Kama ni moyo wangu unaodunda
au ni sururu yako upande wa pili,
sitaki kujifanya najua.

Nimerudi nyumbani kumepambazuka nusu.
Birika jikoni, viatu karibu na jiko.
Kijiti ni kijiti.
Nimebadilisha maji,
nikaigonga gilasi kwa ukucha,
mara tatu,
nikanyamaza.