Herufi Moja

Safu ya nne, kaburi la sita kutoka ukutani:
hapo ndipo ninapoanza kila Jumatatu,
maana kivuli cha mjakaranda hukawia kuondoka
na nyasi zina umande bado, hazigombani na mkasi.
SAJINI MUTIANI WA NZIOKA.
Chini ya jina, herufi tatu za nishani,
kisha mwaka, kisha msalaba.
Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa wa msalaba.

Miaka kumi na tisa nayaosha mawe haya.
Ng'ambo ya ua, Barabara ya Ngong haijui matanga:
maseremala wanaranda vitanda, honi zinatukanana,
na tumbili wa msituni huvuka kuja kula
maua ya mabalozi kabla hayajanyauka.
Siwafukuzi. Waliolala hapa wengi walionja njaa,
hawatamnyima tumbili waridi.

Ilikuwa mwaka wa El Nino, kazi sijaizoea,
alipokuja Syombua, binti yake,
viatu vya kanisani vimejaa matope,
mkononi karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa
hadi ikaota mistari kama kiganja.
Hakulia. Alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya jina
polepole, kama anayechambua mchele:
M, U, T,
kidole kikasimama.
"Hapa kuna herufi imeanguka."
Akapapasa nyasi chini ya jiwe, kwelikweli,
kana kwamba angeiokota.
"Baba yangu ni Muthiani.
Sasa huyu unayemmwagilia ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ndoo, nikaigeuza, akaikalia.

Akanisomea karatasi. Serikali ya mfalme iliandika
kwamba huko Uhabeshi, chini ya mvua ya risasi,
alirudi nyuma peke yake, bila kujali nafsi yake.
Hawakuandika alirudi kufuata nini.
"Waliorudi hai ndio waliotuambia.
Baghala wawili walibaki bondeni na madebe ya maji.
Wakubwa wakasema, waacheni.
Lakini baba alikuwa mtu wa Kitui, bwana.
Mtu wa Kitui anaachaje maji nyuma yake?"
Akapanda na baghala mmoja na risasi mbili tumboni.
Debe halikutoboka.
Wenzake walikunywa kwa kofia, wakiona haya kumtazama.

Alikuja kufia hospitalini, hapa Nairobi,
jeraha likinuka, akiuliza kama mvua imenyesha kwao.
Haikuwa imenyesha. Muuguzi alimwambia imenyesha.

"Na nishani?" nikauliza, ujana ulinisukuma.
"Ililetwa na tarishi wa Bwana Shauri, ndani ya kijaluba.
Mama akaipima mkononi kama yai.
Ilining'inia msumarini miaka mitatu.
Ukame ulipokaza, ikaenda kwa Mhindi wa Machakos,
ikarudi magunia mawili ya mahindi."
Akajigusa kifuani.
"Mahindi yale ndiyo mimi."

Tuliandika barua, yeye akitamka, mimi nikiandika.
Jibu lilikuja na muhuri mzuri: ombi limepokelewa.
Mpaka leo limepokelewa.
Syombua hakurudi, na mimi sijui
kwao nani angeniambia sababu.

Kwa hiyo Jumatatu, nikishaosha jiwe,
nachovya kidole ndooni
naiandika H katikati ya T na I, nyembamba,
ijibanze kama mgeni kwenye benchi lililojaa.
Jua huilamba kabla sijafika kaburi la tisa.

Msimamizi ananilalamikia bili.
Maji ya jiji hili ni ya zamu, anasema,
Alhamisi mifereji inakohoa hewa tupu,
na wewe kaburi la sita unalinywesha
kama mtu aliyetoka safari.
Namwambia, ametoka.