Barua kwa Ofisi ya Hataza

Waheshimiwa,
nawaandikia kwa kalamu, nyuma ya risiti za duka,
kwa sababu fomu yenu ya mtandaoni ilinitaka nithibitishe
kwamba mimi si roboti,
na ule mtihani wa kuchagua picha zenye taa za barabarani
nimeufeli mara saba.
Labda ni roboti. Zamu ya usiku hospitalini
humfanya mtu ayatilie shaka mengi.

Jina langu Shekue Mbwana, nasukuma vitanda vya wagonjwa,
nakaa Walkley, Sheffield, kwenye kilima ambacho hata basi
hukipanda likisoma dua.

Kwanza, mabomba.
Beseni moja, mabomba mawili, hayasemezani:
la kushoto latoa maji ya kunyonyolea kuku,
la kulia latoa Januari.
Miaka kumi na mmoja nanawa kwa kurusha mikono huku na huku
kama mpishi anayegeuza chapati bila upawa.
Naomba hataza ya ndoa yao.
Mahari nitalipa mwenyewe: mpira, futi moja.

Pili, mlango.
Ule wenye mshikio wa kuvuta na kibao cha SUKUMA.
Wangu utakuwa na adabu: unabisha hodi,
wenyewe unajibu karibu, unafunguka upande unaoujua.
Kasoro ni moja.
Ukipiga hodi tatu usijibiwe, ustaarabu wataka urudi nyumbani,
na msimamizi wangu, Bwana Hathersage,
hakuupokea ustaarabu huo Jumanne iliyopita.

Tatu, mashine ya kujilipia dukani,
inayotangaza mbele za watu
kwamba nimeweka kitu isichokitarajia.
Kitu chenyewe kabichi!
Yangu itaanza na salamu: umeamkaje, nyumbani hawajambo,
yule mtoto kikohozi kimepungua?
Foleni itafika Rotherham, nakubali,
lakini hakuna atakayeshukiwa wizi
kabla hajaulizwa habari za mama yake.

Nne imepotea.
Niliiandika kwenye risiti iliyofuliwa pamoja na suruali.

Tano, king'ora cha moshi chenye pua iliyokwenda shule,
kijue kitunguu ni kitunguu.
Cha sasa hupiga mayowe nikikaanga,
kisha betri ikikaribia kufa hulia kama kifaranga
saa tisa za usiku,
nami juu ya kiti, gizani, naipapasa dari.

Sita, mfuko wa mfarishi uwe na mlango wa dharura.
Jumapili nilipotelea ndani nikiuvalisha,
simu ikaita, nikaisikia kama iko nchi nyingine.

Orodha hii nilimsomea jirani, Bi Doreen Ackroyd,
aliyeng'arisha vijiko kiwandani miaka arobaini.
Alicheka mpaka chai ikamwagikia paka.
Akaingia kwake, akatoka na chupa ya maziwa
aliyoikata kwa kisu zamani za ujana wake,
tundu mbili juu, moja chini,
akayavika mabomba yangu.
Maji vuguvugu, waheshimiwa.
Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana.

Kwa hiyo futeni ombi la kwanza. Mvumbuzi ni yeye.
Hakuwahi kuja kwenu, asema,
kwa kuwa mlango wenu ulimshinda kufungua.

Vijiko vile vimempinda vidole.
Kifuniko cha chupa ya jemu hakimsikii.
Nikamchorea mtambo: mkanda, wenzo, mnyororo wa baiskeli,
kurasa tatu.
Akautazama, akaukunja, akauweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.
"Nitagonga ukuta mara mbili," akasema. "Wewe njoo."

Unafanya kazi hadi leo. Hautumii betri.
Umewahi kuniamsha alfajiri kwa ajili ya achari ya vitunguu,
lakini hilo ni tatizo la mtumiaji.
Huo msiusajili.

Naishia hapa, ukuta unagongwa.
Moja. Mbili.
Tatu?
Ya tatu hatukuipangia maana.