Kazi ya Nyumbani

Saa nane usiku, Shangani. Natafuta shilingi arobaini
katika hesabu za korosho za chama kizima.
Mnada ulishafungwa. Wakulima wamelala.
Macho yangu yamegoma.

Bi. Nampota, chumba cha mwisho, Ligula,
hakuniandikia kidonge.
Aliniuliza: "Zisipoonekana, nani atakufa?"
Nikacheka. Kisha nikalia
hadi umeme ukakatika, feni ikanyamaza.

Akanipa kazi ya nyumbani:
peleka ripoti yenye kosa moja.
Wiki tatu nikashindwa,
nikisaka kosa zuri, lililonyooka,
lisilo na dosari.

Leo nimeituma. Tarehe si sahihi.
Meneja kajibu: "Imepokelewa."

Niko barazani natafuna korosho za vipande,
zilizokosa daraja.
Simu nimeilaza kifudifudi.
Nusura niigeuze.