Makosa ya Hesabu

Jumatatu walikuja watu wa Plymouth kupima vyumba,
wale walionunua jina, viti, na wateja waliobaki.
Mimi wakaniachia chumba cha chini,
masanduku ya bati mia mbili na kumi na moja,
mashine ya kunakili kurasa, na agizo:
kilichopitwa na miaka yake, kipitishe kinuni.
Kinu chenyewe kinasaga karatasi kama mahindi.

Jabez Nankervis alifungua ofisi mwaka 1881,
hapa Trevannick, juu ya duka la mshona viatu.
Mteja wa kwanza alimlipa bata.
Si porojo. Ameandika mwenyewe, safu ya mapato:
"Bata wawili. Mmoja mgonjwa."
Mwandiko wake umelala upande
kama miti ya Cornwall inayopigwa na upepo mmoja maisha yake yote.
Ameandika kesi ya ukuta wa mawe, miaka tisa,
ndugu wawili wakigombea upana wa toroli
hadi mmoja akafa, na wa pili akakosa wa kugombana naye,
akaubomoa ukuta kwa mikono yake.

Kisha maji yakauvamia mgodi. Wanaume kumi na wanne.
Siku hiyo mwandiko haukulala. Umesimama wima.
Wenye wosia: mmoja.
Kwa wajane wa wale wengine aliandika barua za madai,
barua juu ya barua,
na safu ya malipo ameiacha nyeupe.

Mwanawe Digory alipenda nyuki kuliko sheria.
Barua zake ninazipenda:
"Bwana, hapana. Wako mtiifu."

Digory akazaa Petroc, akazaa Loveday.
Wote wawili walisoma sheria; binti ndiye aliyemshinda kaka,
vyeti vyote viwili ninavyo hapa, vimefungwa utepe mmoja.
Kibao cha shaba mlangoni kiliandikwa
Nankervis na Mwanawe.
Miaka ishirini na saba alipita chini ya kibao kisichomtaja
akiwa na funguo mkononi, wa kwanza kufika.

Daftari la 1958.
Amana ya mayatima wa Hosking: pauni elfu mbili na mia nne,
zimetoka kidogo kidogo, kwa saini ya Petroc,
kila Jumamosi ya mbio za farasi.
Halafu wino wa kijani, mkono mwingine.
Pauni thelathini zimerudi. Arobaini. Mwezi mmoja, kumi na mbili tu.
Miaka sita. Na kando ya kila tarakimu
maneno yale yale: makosa ya hesabu.
Katika hati nyingine nimeona nyumba ya kilimani imeuzwa.
Katika risiti, piano.

Baba yangu, muuza vitambaa Tanga, angesema
dawa ya deni kulipa.
Hakusema lolote kuhusu anayekunywa dawa ya mgonjwa mwingine.

Picha ya Petroc iko ukumbini na mkufu wa umeya.
Nilimwuliza Bi Tamsin, karani wa zamani,
aliyekuja kuaga na keki ya zafarani:
Loveday alikuwa mtu wa namna gani?
Akafikiri sana.
"Chai yake ilikuwa inapoa," akasema, akafunga mkoba.

Leo fundi ameng'oa kibao.
Kimesuguliwa kila asubuhi kwa miaka mingi hivi
herufi zimeondoka na king'arishio.
Nimepapasa kwa kidole: *kervis na Mwa*,
kisha shaba tupu.

Daftari nimeliweka mdomoni mwa kinu.
Nimeliondoa. Nimeliweka tena.
Nilitia saini kiapo cha siri, nami ni mtu wa kiapo.

Saa saba nikavuka barabara kununua mkate
kwa kijana Hosking, mjukuu wa mmoja wa mayatima wale.
Akanirudishia chenji, peni hamsini zaidi.
Nikazisukuma juu ya kaunta.
"Umekosea hesabu," nikamwambia,
na sauti ikanikwama kidogo, akanitazama,
akahesabu upya, midomo ikicheza,
unga kwenye kucha.